Pumzi Zikibana: Hatua Sita kwa Mhudumu wa Zahanati

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet ulipita hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, wengi wao wakiwa kwenye wodi za kawaida. Kati ya walioshindwa kupumua, ni karibu nusu tu waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa mhudumu aliye zamu peke yake kwenye zahanati ya kata kama Nyangamara, Halmashauri ya Mtama, kazi inaanzia hapo: kupima, kuandika, kurudia. Mwongozo huu ni wa kwenda sambamba na maelekezo ya Wizara ya Afya, si wa kuyapiku.

Andaa: saa yenye mshale wa sekunde, oksimita ya kidole na betri za akiba, mashine au mtungi wa oksijeni, mirija ya puani, daftari.

1. Hesabu pumzi dakika nzima. Mtoto apakatwe na mama yake, ametulia, kifua kikiwa wazi. Anapumua haraka akifikisha pumzi 60 chini ya miezi 2, pumzi 50 kati ya miezi 2 na 11, au pumzi 40 kati ya mwaka 1 na 5. Mtu mzima akizidi 30, ni hatari. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, maana kichanga hapumui kwa mwendo mmoja.

2. Tafuta dalili za hatari. Kifua kubonyea chini ya mbavu, pua kutanuka, kugumia kila anapotoa pumzi, ulimi kugeuka bluu, kushindwa kunyonya au kunywa, degedege, kulegea. Kwa mtu mzima, sikiliza kama anamaliza sentensi. Dalili moja inatosha kuchukua hatua: utafiti wa Muhimbili uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa hata kipimo kimoja kilichovurugika sana kinaendana na hatari ya kifo. Uliza pia kuhusu pumu, maradhi ya moyo, moshi wa kuni na, msimu wa kupulizia mikorosho, vumbi la salfa.

3. Pima oksijeni ya damu kwa oksimita. Pasha kidole joto kikiwa baridi. Epuka ukucha wenye piko au rangi. Subiri namba itulie na mapigo yasomeke vizuri, ndipo uandike. Usidharau kifaa hiki kidogo: watafiti wa Kigali, mwaka 2016, walikitumia pamoja na ultrasaundi kutambua mapafu yaliyoshindwa kazi bila kipimo cha damu ya ateri, na njia yao imeingia katika vigezo vipya vya dunia. Lakini kina kasoro. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 uligundua kuwa kwa wagonjwa weusi kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo ukisoma 92 na mgonjwa anahangaika, amini macho yako.

4. Anza oksijeni. Chini ya asilimia 90, anza mara moja. Mwenye dalili za dharura, kama ulimi wa bluu au degedege, lenga 94 na kuendelea. Kichanga mpe nusu lita hadi lita 1 kwa dakika. Mtoto wa chini ya mwaka, lita 1 hadi 2. Mtu mzima anza na lita 5 kwa mirija ya puani. Mkalishe mtu mzima wima. Mashine inategemea umeme, hivyo mtungi uwe umejaa na ufunguo wake uwe karibu.

5. Rudi kumpima. Mpime tena baada ya dakika 15 hadi 30, kisha kila mara hadi gari la rufaa lifike. Andika saa, pumzi, oksijeni, mapigo na fahamu. Hapa ndipo utafiti unapotuonya. Mwaka 2015 huko Dhaka, kifaa cha kusukuma hewa mapafuni kwa mapovu kilipunguza vifo vya watoto wenye nimonia kali. Huko Salima, Malawi, katika hospitali ya wilaya isiyo na usimamizi wa daktari kila siku, matokeo ya mwaka 2019 yalikuwa kinyume: asilimia 17 walifariki kwa kifaa hicho, dhidi ya asilimia 11 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Wagonjwa hawakufanana, lakini uangalizi nao haukuwa sawa. Kifaa chenye nguvu kinadai macho zaidi.

6. Toa rufaa mapema. Piga simu kwanza hospitali ya Nyangao au ya Sokoine, Lindi, uulize kama wana oksijeni na kitanda. Kwa kichanga cha hadi siku 28 au mama aliyejifungua karibuni, piga bila malipo 115, namba ya M-mama, huduma ya usafiri wa dharura. Oksijeni isikatike njiani, na mhudumu aende na mgonjwa. Mpe dereva au ndugu nakala ya daftari, ili daktari atakayempokea aone mgonjwa alikotoka, si alipofikia tu.

Mwisho wa mwezi, kaa na mganga mfawidhi mpitie daftari: ni wangapi walipimwa mara moja tu? Idadi hiyo ndiyo ya kupunguza mwezi unaofuata.