Mlima Hauhifadhi Lugha: Kijiji cha Xınalıq na Swali la Lugha Ndogo

Utangulizi

Katika mijadala ya isimujamii vyuoni mwetu kuna dai ambalo hurudiwa mara nyingi bila kuhojiwa, nalo ni kwamba lugha ndogo husalia hai kwa sababu wasemaji wake wametengwa na ulimwengu. Kwa mujibu wa dai hili, milima, misitu na ukosefu wa barabara ndio walinzi wa lugha. Barabara ikifika, lugha hufa. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa kukichunguza kijiji kimoja cha nyanda za juu ambacho hutajwa kama mfano wake bora, yaani Xınalıq, katika milima ya Kaukazi nchini Azabajani. Tunadai kwamba mfano huo, ukiangaliwa kwa makini, hauliungi mkono dai lenyewe. Baada ya hapo tutarejea Kenya, katika msitu wa Mukogodo, ambako jambo hilo hilo lilitokea kinyume.

Huenda msomaji akauliza sababu ya jarida la Kiswahili kwenda mbali kiasi hicho. Zipo sababu mbili. Kwanza, lugha ya kijiji hicho ina ngeli, na mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kupendezwa na ngeli popote zilipo. Pili, tumezoea kukiangalia Kiswahili kama lugha inayodhulumiwa na Kiingereza. Si mara nyingi tunakiangalia kutoka upande wa yule anayekiona Kiswahili kikipanda mlima kuelekea nyumbani kwake.

Kijiji chenyewe

Xınalıq, jina litamkwalo takriban "Khinalig", kimo katika wilaya ya Quba, kaskazini mashariki mwa Azabajani, karibu na mpaka wa Urusi. Kimejengwa juu ya kilima chenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kimezungukwa na vilele virefu zaidi, ukiwemo mlima Şahdağ wenye mita 4,243. Wakazi wake ni takriban 2,000. Jina hilo kwa kawaida hufasiriwa kuwa latokana na neno la Kiazabajani xına, ambalo ni hina ile ile wanayojipaka maharusi wa Lamu na Mombasa. Husemwa kwamba milima ya hapo hugeuka rangi hiyo jua linapochomoza. Hata hivyo, hilo ni jina la wageni. Wenyeji wana jina lao la kijiji, Kətş, na lugha yao huitwa kwa jina hilo hilo. Katika makala haya tutaiita Kikhinaligi.

Nyumba ni za mawe na zimepandana mtelemkoni kama vidato vya ngazi, kiasi kwamba paa bapa la nyumba ya chini huwa ndio ua wa nyumba ya juu. Juu ya paa hilo hutembewa na huanikwa vitu. Ujenzi wa namna hii haukuchaguliwa kwa ajili ya uzuri. Ardhi tambarare ni haba, na ukuta unaoegemea kilima hupigwa na upepo upande mmoja tu.

Miti haioti katika mwinuko huo, kwa hiyo kuni hakuna. Samadi ya ng'ombe na kondoo huchanganywa na majani makavu, hukandwa, hukatwa kama matofali na kuanikwa wakati wa kiangazi. Matofali hayo, yaitwayo təzək, hupangwa kando ya nyumba mpaka yakawa kuta. Familia isiyopanga ukuta wa kutosha kabla ya theluji kuanguka itateseka. Aidha, ardhi hiyo haikubali kilimo kingi. Riziki ya kijiji kwa karne nyingi imekuwa kondoo, yaani nyama, maziwa, jibini na sufu ambayo wanawake huisokota na kuifuma.

Lakini kondoo hawawezi kuishi juu ya mlima majira ya baridi. Hapa ndipo tunapokutana na jambo ambalo wanaosifu kutengwa kwa kijiji hiki hulipita haraka mno. Kila mwaka, theluji inapokaribia, wachungaji wa Xınalıq huteremka na makundi yao hadi malisho ya tambarare za katikati ya Azabajani, na majira yanapogeuka hupanda tena. Njia hiyo huitwa Köç Yolu, yaani njia ya kuhama, na ina urefu wa takriban kilomita 200. Mwaka 2023 Shirika la UNESCO liliiingiza njia hiyo pamoja na kijiji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wanaotembea kilomita 200 kwenda na 200 kurudi, mwaka nenda mwaka rudi, wakinunua nafaka, wakiuza mifugo, wakilala karibu na vijiji vya watu wengine njiani, wanawezaje kuitwa watu waliotengwa? Kijiji kilikosa barabara ya gari. Hakikukosa njia.

Ngeli nne

Kikhinaligi ni lugha ya jamii ya lugha za Kaukazi ya kaskazini mashariki, lakini hata ndani ya jamii hiyo kimesimama peke yake. Majirani zake wa karibu, yaani Kikrizi na Kibuduki, ni wa tawi jingine, na wasemaji wao hawaelewani na watu wa Xınalıq kwa lugha zao za kwao. Sarufi yake ilichapishwa na Desheriev mwaka 1959, kisha ikachunguzwa upya na Kibrik na wenzake katika kitabu cha mwaka 1972.

Nomino za lugha hii zimegawanyika katika ngeli nne. Ya kwanza ni ya wanaume, ya pili ni ya wanawake, ya tatu ina wanyama pamoja na sehemu ya vitu visivyo na uhai, na ya nne ina vitu vinginevyo. Msomaji ataona mara moja tofauti na mpangilio wetu. Ngeli ya A-WA haijali jinsi. Mwalimu ni mwalimu, awe mwanamume au mwanamke, na hata kondoo hupatanishwa humo. Kikhinaligi humtenga mwanamume na mwanamke, kisha humtenga binadamu na mnyama.

Tofauti kubwa zaidi imo katika upatanisho. Tuichukue sentensi "Wavulana wamemchinja kondoo." Katika Kiswahili, kiambishi wa- cha kiima hakiepukiki, ilhali -m- ya yambwa ina masharti yake ambayo wanafunzi wa mwaka wa pili wanayajua kwa uchungu. Katika Kikhinaligi, kitenzi kinachoonyesha ngeli kitapatanishwa na kondoo, wala si wavulana. Nao wavulana wataongezewa alama ya uhusika mwishoni mwa nomino ili ijulikane kwamba ndio watendaji. Tukisema "Kondoo amekufa," kitenzi kitapatanishwa na kondoo vile vile. Kwa maneno mengine, anayekufa na anayechinjwa wana hadhi moja kisarufi. Wale wanaofundisha kwamba kila lugha duniani lazima imtambulishe kiima kwanza ndipo imfikie yambwa wangefanya vyema kuutafakari mfano huu.

Je, ni mlima?

Sasa tulirudie dai letu. Ikiwa mlima ndio uliohifadhi Kikhinaligi, basi Kibuduki, kinachozungumzwa katika milima hiyo hiyo, kingekuwa na hali sawa. Sivyo ilivyo. Kibuduki kimebakiwa na wasemaji wachache zaidi, sehemu kubwa ya watu wake wakiwa wamehamia tambarare na kushika Kiazabajani. Mlima ni ule ule, ila matokeo ni tofauti.

Tunaona kwamba mambo mawili yana uzito zaidi kuliko mwinuko. La kwanza ni ndoa. Kwa vizazi vingi watu wa Xınalıq walioana zaidi wenyewe kwa wenyewe, hata mama na baba wa mtoto wakawa na lugha moja ya nyumbani. La pili ni kazi. Kondoo walikuwa mali ya kijiji, waliochungwa na watu wa kijiji, na mambo yote ya kondoo, yaani kuzaa, maradhi, malisho, mgawanyo wa sufu, yalizungumzwa kwa lugha ya kijiji. Kiazabajani kilikuwa lugha ya soko na ya wageni. Kikhinaligi kiliingiza maneno mengi kutoka Kiazabajani, na kupitia lugha hiyo yakaingia pia ya Kiarabu na Kiajemi, lakini hakikuachia nafasi yake ya kazi. Ifahamike kwamba uwililugha wa namna hii, ambapo kila lugha ina uwanja wake, unaweza kudumu karne nyingi.

Mukogodo

Msitu wa Mukogodo, katika Kaunti ya Laikipia, umo juu ya vilima vikavu na kwa muda mrefu haukuwa na barabara ya kutajika. Humo waliishi Wayaaku, wawindaji na warinaji asali waliokaa mapangoni na kusema lugha ya jamii ya Kikushi. Kama kutengwa ndiko kunakohifadhi lugha, basi Kiyaaku kilistahili kuwa lugha yenye afya kuliko nyingi nchini.

Kilichotokea ni kinyume. Mali ya Wayaaku ilikuwa mizinga ya nyuki, na mahari yao ililipwa kwa mizinga. Mapema katika karne ya ishirini, chini ya utawala wa kikoloni, wafugaji wasemao Kimaa walisongezwa karibu nao, na ndoa baina ya pande mbili zikaongezeka. Mfugaji aliyemwoa binti wa Kiyaaku alilipa ng'ombe, na baba wa binti alizipokea. Lakini kijana wa Kiyaaku aliyetaka kuoa hakuweza tena kukubaliwa kwa mizinga. Ilimbidi atafute mifugo. Kati ya miaka ya 1920 na 1930, takriban katika kizazi kimoja, Wayaaku wakawa wafugaji, na pamoja na ng'ombe wakaichukua lugha ya ng'ombe. Msamiati wa asali na wa uwindaji ulikosa pa kutumika. Karne hii ilipoanza, Kiyaaku kilikuwa kimebaki midomoni mwa wazee wachache mno, ingawa zipo juhudi za kukifufua.

Hakuna lami iliyopita hapo. Hakuna shule iliyowapokonya lugha. Ilitosha kubadilika kwa mahari.

Barabara ya mwaka 2006

Tukiwa na mfano huo akilini, turejee Xınalıq. Mwaka 2006 barabara ya kutoka mji wa Quba ilitengenezwa, na safari ambayo awali ilihitaji farasi au lori lenye nguvu ikawa ya saa chache kwa gari la kawaida. Mwaka uliofuata, 2007, kijiji kilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali ya historia, usanifu wa majengo na utamaduni. Mwaka huo huo Kibrik na wenzake kutoka Moscow, wakishirikiana na walimu wa kijiji, waliunda alfabeti ya Kikhinaligi yenye misingi ya Kilatini. Watalii walianza kuja, na baadhi ya wenye nyumba wakawa wenyeji wa kulaza wageni.

Wapo wanaoiombolezea barabara hiyo. Mwandishi wa makala haya hayumo miongoni mwao. Ni rahisi kwa aliyeketi mjini, karibu na hospitali, kutamani kijiji kibaki bila lami ili lugha isichafuke. Mjamzito aliyefungiwa na theluji hana anasa ya kutamani hivyo. Tena, tumeona kwamba njia ilikuwepo daima. Swali halisi ni lugha ipi itazungumza kazi mpya. Mgeni kutoka Baku hupokewa kwa Kiazabajani. Shule hufundisha kwa Kiazabajani. Kijana anayeacha kondoo na kwenda mjini huoa huko, na watoto wake hukua kwa lugha ya mtaani. Barabara yenyewe haijaua neno hata moja, ila imeyaleta karibu yale mambo mawili yaliyowapata Wayaaku: ndoa mpya na kazi mpya.

Alfabeti nayo isipewe sifa isizostahili. Herufi humfaa mwenye jambo la kuandika na mtu wa kumsomea. UNESCO imeiorodhesha lugha hii miongoni mwa zile zilizo hatarini sana, na orodha hiyo haikupungua hatari kwa sababu ya kuwepo kwa herufi.

Upande wetu

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inaitaka serikali kukuza na kulinda wingi wa lugha za watu wa Kenya, na ibara hiyo hiyo inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Wengi wetu tunausoma mstari wa Kiswahili na kuuruka ule mwingine. Lakini katika vijiji vya juu vya Pokoti na Marakweti, Kiswahili ndicho kinachoketi mahali pa Kiazabajani: lugha ya soko, ya dereva, ya polisi, ya simu ya kutuma pesa. Hatusemi kwamba Kiswahili kione haya kwa hilo. Tunasema mwanafunzi anayekwenda huko kukusanya data asianze kwa kuuliza umbali wa barabara wala idadi ya wasemaji. Aulize mambo madogo. Mahari ya mwisho kijijini ililipwa kwa nini, na mazungumzo yake yaliendeshwa kwa lugha gani? Mbuzi akiugua, maradhi yake yana jina la nani? Mke aliyeolewa kutoka mbali husema nini na mtoto wake jikoni? Na vijana wawili wa kijiji hicho hicho, wanapopatana bei ya shehena ya viazi pasipo mgeni kuwapo, huhesabu kwa lugha ipi?