Msiba Usio na Kaburi

Wiki hii mwanasaikolojia tiba anajibu barua za wasomaji wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa waliompoteza mtu bila kumzika.

Swali: Shikamoo daktari. Mume wangu aliingia ziwani usiku kuvua dagaa, mwera ukavuma. Mtumbwi ulionekana, yeye hapana. Huu ni mwaka wa pili. Nikisikia kasia usiku nainuka kitandani. Nimechanganyikiwa? (Mama, Liuli)

Jibu: Marahaba mama, na pole sana. Hujachanganyikiwa. Kwetu maiti huoshwa, ndugu wakamwona uso, tukatupia udongo, tukakaa matanga. Kwa hatua hizo moyo hukubali polepole kwamba mtu ameondoka. Wewe hukupewa hata moja. Ziwa hili kina chake hufika takriban mita 700, na si kila kilichozama humo hurudi ufukweni. Unainuka kwa sababu hakuna aliyekuthibitishia kitu.

Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, alilichunguza jambo hili miaka ya 1970, akikaa na wake wa marubani waliopotea katika vita vya Vietnam. Kitabu chake kuhusu msiba wa namna hii kilitoka mwaka 1999, na baada ya shambulio la Septemba 11, 2001 alizisaidia familia za New York ambazo hazikupata miili. Anashikilia kwamba anayesubiri hivi si dhaifu, ila amebebeshwa swali lisilo na jibu. Naafikiana naye kabisa.

Swali: Wakwe wanataka tumalize matanga. Naona nikikubali nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. (Mama huyo huyo)

Jibu: Hapana, mama. Unaweza kumwombea marehemu na bado ukasema, "Akirudi, mlango uko wazi." Yote mawili yanakaa katika moyo mmoja. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, wengi hawakuopolewa kamwe, lakini ndugu zao wana mahali pa kwenda kuomba: makaburi ya Igoma, Mwanza. Nanyi chagueni mahali, hata kama ni chini ya mwembe anapotandaza nyavu mdogo wake. Siku uchague wewe, wakwe wasikupangie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haina haraka: inataka miaka 5 ya kutosikika ndipo mwenzi adhaniwe amefariki.

Usingizi ukikukimbia wiki kadhaa, chakula kisishuke, au ukianza kutamani kumfuata, usingoje. Mwambie mtu leo, asikuache peke yako, akupeleke hospitali hapo hapo Liuli.

Swali: Daktari, mama yangu yu hai lakini ananiita kwa jina la shangazi aliyekufa. Nalia jikoni, kisha naona haya, maana sijafiwa. Kaka yangu yuko Songea. (Binti, Mbinga)

Jibu: Umefiwa, binti yangu, ila hakuna aliyekuja kukupa pole. Boss anauweka msiba huu pamoja na ule wa ziwani: kule mtu ametoweka ila yumo moyoni, huku ameketi barazani ila hayupo.

Kwanza mpeleke akapimwe. Wakati mwingine kusahau huletwa na tezi, upungufu wa vitamini, dawa anazomeza au sonona, na hayo yana tiba. Ikiwa ni ubongo unaochakaa, acha kumsahihisha. Akikuita shangazi, itikia. Kisha mpe anachokijua. Mwanamke aliyefukia majani na kupanda maharage kwenye matuta ya ngoro miaka 50 anaweza kupoteza jina lako na mikono yake bado ikajua kazi. Mpe jembe dogo asubuhi, kabla jua halijawa kali, mpande mstari mmoja pamoja.

Na umwambie kaka yako wa Songea aje walau Jumapili moja kwa mwezi, akae na mama yake, wewe ulale.