Katuni ya Utotoni Iliyopungua Ladha

*Msomaji wa Makole, Dodoma, aliyekuwa akiitazama katuni ya He-Man kwenye deki ya jirani kabla televisheni haijafika Bara mwaka 1994, ameirudia akiwa na wanawe na kuiona ya kuchosha. Anauliza aliyebadilika ni yeye au ni katuni.*

Katuni ni ileile. Filmation, kampuni ya Marekani iliyoitengeneza kati ya 1983 na 1985, ilifikisha vipindi 130 kwa kubana matumizi: picha zilezile za shujaa akikimbia au akirusha ngumi zilirudiwa kipindi baada ya kipindi, jambo ambalo mtoto aliyeketi mkekani, akingoja mkanda urudishwe nyuma, hakulijali, kwa kuwa akili yake ilijaza mapengo yote. Aidha, kumbukumbu si kanda. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha mwaka 1932 kwamba mtu hulijenga upya tukio kila anapolikumbuka, hivyo kilichopendwa miaka yote hii ni pamoja na sebule ile, kelele za wenzake na umeme uliokatika upanga wa shujaa ukiwa hewani.

Inafaa kutazama kipindi kimoja kwa siku badala ya kumi mfululizo, na kuwaacha watoto wacheke hata pale pasipokusudiwa kuchekesha. Huzuni ya kitambo kwa kuukosa utamu wa utotoni ni ya kawaida. Lakini ikidumu zaidi ya wiki mbili, ikiambatana na kukosa usingizi au hamu ya kazi, ni vyema kumwona mtaalamu katika kituo cha afya au Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ambayo jina lake hufanyiwa mzaha mitaani bila sababu.