Makande Yana Kilo Ngapi za Maharage?

Kijana mwenzangu, umewahi kula makande ya shule ukawa unayatafuta maharage kwa tochi? Basi leo tuyatafute kwa hesabu.

Tuseme risiti ya soko la Chifu Kingalu, Morogoro mjini, imeandikwa: mahindi na maharage, kilo 10, shilingi 16,000. Kilo ngapi za kipi, haisemi. Bei unazijua: mahindi shilingi 1,000 kwa kilo, maharage yaliyoshuka kutoka Mgeta, kule juu Uluguru, shilingi 3,000.

Kilo za mahindi ziite x, za maharage y. Tunapata milinganyo miwili:

x + y = 10
1,000x + 3,000y = 16,000

Huo wa pili ugawe wote kwa 1,000 tupunguze masifuri: x + 3y = 16. Sasa toa ule wa kwanza humo. Zile x zinaondoka, inabaki 2y = 6, yaani y = 3. Rudi kwenye mlinganyo wa kwanza: x = 7.

Usifunge daftari! Nilipokuwa kidato cha kwanza, hesabu kama hii ilinipa x = 6 na y = 4. Nikajumlisha, 10, nikaona safi kabisa. Nikakosa. Jaribu jibu langu kwenye mlinganyo wa pili: 6,000 + 12,000 = 18,000. Pesa zimezidi! Jibu lazima likubali pande zote mbili. Letu linakubali: 7 + 3 = 10, na 7,000 + 9,000 = 16,000. Tena hakiki kwa mlinganyo wa mwanzo, ule wa risiti, maana huenda ulikosea wakati wa kugawa.

Gazeti la afya na hesabu wapi na wapi? Ni kwamba protini ya mahindi peke yake ina upungufu, na maharage ndiyo yanayoujazia. Yana pia madini ya chuma, ambayo dada aliyeanza hedhi anayahitaji zaidi. Risiti ikionyesha kilo 3 na sufuriani ikaingia 1, wanafunzi mna haki ya kuuliza, kwa adabu, hesabu mkononi.

Zoezi: wiki iliyofuata zilinunuliwa kilo 12 kwa shilingi 20,000, bei zilezile. Mnunuzi anasema maharage yalikuwa kilo 5. Je, ni kweli?