Mbwa, Paka na Tetemeko la Nchi

Wahenga walisema, Dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima akiona mawingu meusi yanakusanyika huanua mahindi yake uani, na mama huwaita watoto waingie ndani. Lakini tetemeko la nchi halina mawingu. Huja mchana, huja usiku, huja wakati wa jua na wakati wa mvua, wala halibishi hodi. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, watu wa Bukoba katika Tanzania walikuwa katika shughuli zao za mchana, mara nchi ikatikisika. Kuta za matofali zikapasuka, nyumba nyingi zikaanguka, na watu zaidi ya 15 wakafa.

Kwa sababu hiyo, tangu zamani watu wamewatazama wanyama wao na kuuliza: Je, mbwa alalaye mlangoni anajua jambo asilolijua bwana wake? Wasomaji wa Biblia wanakumbuka habari za punda wa Balaamu, aliyemwona malaika njiani huku bwana wake haoni kitu, akapigwa mara tatu kwa kukataa kwenda mbele. Je, kwa habari ya tetemeko la nchi mambo ni vivyo hivyo? Jibu lake lina sehemu mbili, na mtu azichanganyaye aweza kupotewa na uhai wake. Basi kila sehemu itazamwe peke yake.

Sehemu ya kwanza ni hii: mnyama aweza kulihisi tetemeko mbele ya mtu, lakini kwa muda mfupi sana. Tarehe 23 Agosti 2011 nchi ilitetemeka katika jimbo la Virginia, huko Marekani. Katika mji wa Washington, mbali na mahali pale kiasi cha kilometa 130, kuna bustani kubwa ya wanyama, na watunzaji wake waliandika mambo waliyoyaona siku ile. Gorila jike mmoja, jina lake Mandara, alikuwa na mtoto wake aliyeitwa Kibibi, jina lililotwaliwa katika lugha ya Kiswahili. Sekunde kama 3 kabla ya mtikiso, Mandara alipiga ukelele, akamnyakua mwanawe, akapanda naye juu ya nguzo zilizofanywa mfano wa mti. Wenzake kadha wa kadha walikuwa wamekwisha kuacha chakula chao na kupanda juu sekunde chache kabla yake. Ndege waitwao heroe, waliokuwa zaidi ya 60, walikimbia huku na huku, kisha wakakusanyika pamoja wakasimama wamebanana mpaka nchi ilipotulia. Simba walisimama kimya, wakalielekea jengo lililokuwa likitikisika. Lakini panda, wale wanyama wakubwa wa Uchina walio mfano wa dubu, hawakuonyesha badiliko lo lote. Hivyo si wanyama wote wafanyao mamoja.

Sababu ya mambo hayo si uganga. Miamba ikivunjika chini ya nchi, hutoka mawimbi ya namna mbili, yakaenea pande zote kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe. Wimbi la kwanza lina mbio, nalo hupita katika mwamba kiasi cha kilometa 6 kwa sekunde moja, lakini nguvu yake ni ndogo. Wimbi la pili huja nyuma yake, kiasi cha kilometa 3 na nusu kwa sekunde. Nalo ndilo litikisalo nyumba na kuziangusha. Kwa mfano, kijiji kikiwa mbali kilometa 42, wimbi la kwanza litafika kwa sekunde 7, na la pili kwa sekunde 12. Kati yake pana sekunde 5. Katika sekunde hizo 5 mtu anapika, anaimba, au anazungumza na jirani yake, asihisi kitu. Lakini mbwa amelala chini, tumbo lake limegusa ardhi, na masikio yake ni hodari kuliko ya mtu. Sauti nyembamba inayotetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde mtu haisikii kabisa. Mbwa husikia mpaka kiasi cha 45,000, na paka zaidi ya hapo. Kwa hiyo mbwa hushtuka, hubweka, au hukimbia nje. Hakuota ndoto wala hakubashiri. Amelihisi tu lile wimbi la kwanza, lililompita bwana wake bila kujulikana.

Sehemu ya pili ya jibu yahusu habari zisemazo kwamba wanyama hujua siku nyingi mbele. Habari hizi ni za kale sana. Katika mwaka wa 373 kabla ya Kristo, mji wa Helike katika nchi ya Wayunani uliharibiwa na tetemeko, ukazama baharini usiku mmoja. Mwandishi Aelianus alisimulia kwamba siku tano kabla ya msiba, panya na nyoka na wadudu walitoka mjini kwa makundi, na watu wakastaajabu. Habari hii yapendeza kusikiwa. Lakini Aelianus mwenyewe aliishi zaidi ya miaka 500 baada ya siku ile, wala hakuona kitu kwa macho yake.

Habari nyingine ni ya Uchina. Katika majira ya baridi ya mwaka 1975, watu wa wilaya ya Haicheng walieleza kwamba nyoka walitoka mashimoni wakafa kwa baridi, na kuku wakakataa kuingia bandani. Tarehe 4 Februari wakubwa wa serikali waliwaamuru watu watoke majumbani, na jioni ile ile likaja tetemeko kubwa. Watu wengi mno waliokoka, ijapokuwa wapatao 2,000 walikufa. Watu wa mataifa mengi waliposikia wakafurahi, wakisema kwamba sasa siri imejulikana. Lakini lilikuwapo jambo jingine: katika siku zile za mwisho nchi yenyewe ilikuwa imetikisika kidogo kidogo mara mamia, na hiyo ndiyo dalili kubwa iliyowatoa watu nje.

Mwaka mmoja na nusu haukuisha vizuri, tarehe 28 Julai 1976, mji wa Tangshan katika nchi hiyo hiyo ukatikiswa usiku wa manane, watu wakiwa usingizini. Safari hii hapakuwa na mitikiso midogo ya kuwaonya, wala amri ya kutoka. Kwa hesabu ya serikali, watu kama 242,000 walikufa. Mbwa na kuku walikuwapo Tangshan kama walivyokuwapo Haicheng. Lakini hawakuuokoa mji.

Katika mwaka wa 2018 wataalamu walizichunguza habari zaidi ya 700 zilizoandikwa juu ya wanyama na matetemeko. Waliona kwamba nyingi zilikusanywa baada ya msiba, na nyingine zililingana na mitikiso midogo iliyotangulia. Jambo hili lafahamika kwa urahisi. Mbwa hubweka usiku kwa sababu nyingi: amesikia fisi, ameona mgeni, au ana njaa. Usiku mia akibweka na nchi isitikisike, hakuna mtu akumbukaye. Usiku mmoja akibweka na nchi ikatikisika, habari yake itasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Basi, mtu asilale katika nyumba yenye nyufa akisema, Mbwa wangu ataniamsha. Wala asimdharau mbwa wake akishtuka ghafula. Na atoe macho na masikio. Mahali palipojengwa nyumba imara, watu hujikinga zaidi kuliko kwa kungoja dalili.

Yafaa sasa kutazama upande wa wenye wanyama, kwa maana tetemeko huujaribu moyo wa mtu vilevile. Japani ni nchi ya matetemeko mengi, na watu wake hupenda sana mbwa na paka. Tarehe 14 Aprili 2016, usiku, mji wa Kumamoto na vijiji vyake vilitikiswa kwa nguvu. Watu wakatoka nje. Baada ya kitambo baadhi yao waliona kwamba msiba umekwisha, wakarudi kulala majumbani mwao. Muda wa saa 28 haukupita, likaja tetemeko la pili lililo kubwa kuliko la kwanza, na baadhi ya wale waliorudi wakaangukiwa na nyumba zao.

Kisha ikatokea taabu nyingine. Katika majumba ya wakimbizi mlikuwa na watoto wadogo, wazee na wagonjwa, na si wote walioweza kukaa pamoja na mbwa na paka. Wenye wanyama hawakutaka kuwaacha. Wengi wakalala ndani ya motokaa zao pamoja na wanyama wao, siku baada ya siku, wamekunja miguu. Kulala hivyo ni hatari, kwa kuwa damu yaweza kuganda miguuni na kumwua mtu. Na katika Kumamoto wako waliougua kwa kulala katika motokaa, na wengine kufa. Ndipo daktari mmoja wa wanyama, ambaye hospitali yake alikuwa ameijenga imara tangu mbele, akafungua milango yake, akawapokea watu pamoja na wanyama wao chini ya dari moja. Daktari huyo hakungoja msiba ndipo afikiri. Alifikiri mapema, na siku ya taabu ilipofika mahali palikuwa tayari.

Kwa habari kama hizi watu wamejifunza kanuni chache. Nchi ikianza kutikisika, mtu aliye ndani na ainame, aingie chini ya meza iliyo imara, aishike miguu yake, na kukinga kichwa na shingo mpaka mtikiso uishe. Aliye nje na akae mbali na kuta, miti na nyaya za umeme. Asimkimbilie paka wala mbwa wakati ule. Mnyama mpole kabisa aweza kuuma na kupapura akiwa na hofu, na mikono ishikayo paka haiwezi kukinga kichwa. Paka huingia uvunguni au hutoroka. Mbwa mwingine huja miguuni kwa bwana wake akitetemeka, na mwingine hukimbia mbali. Nchi ikitulia, mwenye nyumba na awahesabu watu kwanza, kisha awatafute wanyama kwa sauti ya upole, bila kuingia katika nyumba iliyopasuka. Maana mitikiso mingine hufuata. Maji na chakula vikiwekwa mahali pa kimya karibu na nyumba, paka aliyetoroka mara nyingi hurudi mwenyewe. Na aliyemfuga mnyama asimwache amefungwa kwa kamba akaenda zake, kwa kuwa mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia wala kujitafutia maji.

Mbwa nao wamelipa wema huo. Nyumba zinapoanguka, watu wengine hubaki hai chini ya vifusi, wala sauti zao hazisikiki. Ndipo huletwa mbwa waliofundishwa. Watu huamriwa wanyamaze, mbwa hupita juu ya mawe akinusa, na anapopata harufu ya mtu aliye hai hubweka. Mmoja wao alikuwa Frida, mbwa jike wa jeshi la majini la Mexico. Alivikwa viatu ili miguu yake isikatwe na vioo, na miwani ili macho yake yasiingie vumbi. Katika miaka ya kazi yake alisaidia kuwapata watu 12 waliokuwa hai, akafa kwa uzee mwaka wa 2022. Mwezi wa Februari 2023, nchi ya Uturuki ilipopatwa na tetemeko lililoua watu zaidi ya 50,000, Mexico ilipeleka mbwa wake huko. Mmoja, jina lake Proteo, hakurudi. Alikufa huko huko kazini, na wenzake wakamwomboleza kama askari.

Basi mbwa si nabii, wala paka hajui siku ya msiba. Mwenyezi Mungu amewapa masikio na pua kupita za mwanadamu, naye mwanadamu amempa akili ya kujenga nyumba imara, kujifunza na kujiweka tayari. Kila mmoja ana alichopewa. Mwenye akili asimtwike mbwa wake kazi iliyo yake mwenyewe.

Maswali

1. Kwa nini mbwa aweza kulihisi tetemeko kabla ya bwana wake?
2. Kijiji kiko mbali kilometa 84. Wimbi la kwanza litafika kwa sekunde ngapi, na la pili kwa sekunde ngapi? Kati yake pana muda gani?
3. Haicheng ilikuwa na dalili gani ambayo Tangshan haikuwa nayo?
4. Eleza kwa nini habari ya Aelianus haitoshi kuwa ushahidi.
5. Watu wa Kumamoto waliorudi majumbani walikosa nini? Yule daktari wa wanyama alifanya jema gani?
6. Tazama nyumba unamolala. Andika mahali ambapo ungejikinga nchi ikitikisika, na mahali ambapo ungemtafuta mnyama wenu baadaye.