Sururu Mchana, Mbio Jioni

Kijana wa Maganzo anayeshinda kwenye mashimo ya almasi akipiga sururu na kurusha mchanga, kisha jioni akakimbia kuelekea Mwadui, mara nyingi hudhani hafanyi mazoezi ya nguvu kwa kuwa hajawahi kuingia jimu. Anayafanya, tena mazito. Akiongeza na vyuma, miguu huanza kumgomea.

Uchovu huo si wa misuli peke yake. Msuli hukaza kwa amri inayotoka kwenye ubongo na kupita katika mishipa ya fahamu. Baada ya kazi nzito au mbio ndefu amri hiyo hufifia, na msuli nao huitikia kwa uzito. Ndiyo maana unaweza kuamka huna maumivu, lakini ukitaka kuchomoka, kasi haipo.

Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alichapisha matokeo ya watu waliochanganya vyuma na mazoezi ya pumzi kwa wiki 10, karibu kila siku. Nguvu zao zilipanda hadi kama wiki ya 7, zikasimama, kisha zikashuka. Pumzi haikudhurika. Kuchanganya si kosa. Kinachoangusha ni wingi usio na mapumziko.

Kwa hiyo kazi ya shimoni ihesabu. Siku uliyochimba kutwa, kimbia mwendo unaokuruhusu kupiga soga, au pumzika kabisa. Mbio za kasi ziweke siku isiyo na sururu. Vyuma na mbio vikiangukia siku moja, vitenganishe kwa saa 6 au zaidi. Isipowezekana, anza na kile unachokitaka zaidi. Miguu iliyobeba mzigo mzito ipe saa 48 hivi kabla ya kuibebesha mwingine.

Kipimo kizuri ni chaki ukutani. Ukiwa umepumzika, pasha mwili moto, ruka mara tatu na uweke alama pale vidole vilipofika juu zaidi. Rudia kila wiki. Ukipungukiwa upana wa vidole vitatu, siku hiyo acha kasi na vyuma.

Kula mapema baada ya kazi: ugali na dagaa, au michembe na karanga. Usingizi usiuibe, hakuna dawa inayoufidia. Usimeze diklofenaki ili uendelee kukimbia, hasa ukiwa na kiu, maana huumiza figo.

Misuli ikivimba na kuuma kupita kawaida, na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.