Kichwa kikiuma kila mara, usikimbilie tembe

JE, wewe ni mmoja wa wale wasiotoka nyumbani bila tembe za kutuliza maumivu mfukoni au mkobani? Kichwa kikianza kugonga ukiwa kwenye matatu, unazimeza hata bila maji. Jioni kikirudi, unapitia kioskini kununua nyingine.

Ikiwa ndivyo, soma makala haya kwa makini. Huenda dawa unazomeza ndizo zinazokuumiza kichwa.

Kuumwa na kichwa si ugonjwa mmoja. Kuna aina nyingi, na kila moja ina tiba yake. Kwa bahati nzuri, nyingi si za hatari.

Aina inayowapata watu wengi zaidi humfanya mgonjwa ahisi kana kwamba amefungwa kamba inayokaza kichwa pande zote mbili. Huletwa na uchovu, wasiwasi, kukosa usingizi, kuruka chakula cha mchana au kuinamia kompyuta au cherehani kutwa nzima. Kula, kunywa maji, kunyoosha shingo na kulala vya kutosha huwasaidia wengi. Mtu mzima akihitaji dawa, tembe mbili za parasetamoli za miligramu 500 zatosha. Asizidishe nane kwa saa 24.

KIPANDAUSO

Kipandauso hugonga kama ngoma, mara nyingi upande mmoja wa kichwa, na huweza kudumu kwa saa 4 hadi 72. Mgonjwa husikia kichefuchefu, na hataki mwangaza wala kelele. Wengine huona vimulimuli kabla ya maumivu kuanza.

Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa karibu na siku za hedhi, na mara nyingi huwa katika ukoo. Mwenye kipandauso si mvivu, wala hajarogwa. Apumzike mahali penye giza na kimya, na ameze dawa mapema. Kikimrudia mara kwa mara, daktari anaweza kumpa dawa ya kukizuia.

DAWA IKIGEUKA CHANZO

Mtu mwenye mazoea ya kuumwa na kichwa akimeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa hiyo yenyewe inaweza kumletea maumivu. Kwa tembe zilizochanganywa dawa mbili au tatu pamoja na kafeini, ambazo huuzwa kwa wingi madukani, siku 10 kwa mwezi zatosha kuleta madhara hayo.

Hapo mgonjwa huingia katika mzunguko: dawa ikiisha mwilini, kichwa huuma, kikiuma, humeza nyingine. Tiba ni kuziacha. Siku za kwanza maumivu huzidi, kisha hupungua polepole. Mwone daktari kwanza, kwa kuwa dawa nyingine haziachwi ghafla.

Kanuni rahisi ni hii: usimeze dawa za kichwa zaidi ya siku mbili kwa wiki. Pia, usimpe mtoto wa chini ya miaka 16 aspirini bila agizo la daktari.

SI MALARIA WALA PRESHA

Wengi wakiumwa na kichwa husema ni malaria au presha. Lakini presha mara nyingi haina dalili yoyote. Hujulikana kwa kupimwa. Na ukiwa na homa, hasa baada ya kutoka Pwani au eneo la Ziwa Victoria, pima damu kabla ya kumeza dawa ya malaria.

Mkiamka nyote chumbani vichwa vikiuma, na jiko la makaa lililala ndani madirisha yakiwa yamefungwa, tokeni nje mara moja na mwende hospitali. Hewa hiyo ya sumu huua.

DALILI ZA HATARI

Nenda hospitali bila kukawia ikiwa:

* Maumivu ni makali mno na yameanza ghafla;

* Una homa na shingo imekakamaa, au umechanganyikiwa. Huenda ikawa ni homa ya uti wa mgongo;

* Mkono au mguu umelegea, mdomo umepinda au huwezi kuzungumza vizuri;

* Uligonga kichwa, na sasa unatapika au unasinzia;

* Una mimba ya zaidi ya wiki 20, na macho yanafifia au uso umevimba;

* Una virusi vya Ukimwi, na kichwa kimeuma kwa siku kadhaa;

* Umepita miaka 50 na hujawahi kuumwa hivyo;

* Maumivu yanazidi kila siku, hasa asubuhi, pamoja na kutapika.

Kwa wengine, dawa ya kwanza ni daftari. Andika kila siku kichwa kinapouma, ulichokula, ulivyolala na tembe ulizomeza. Baada ya mwezi mmoja, hesabu siku hizo na umpelekee daktari. Daftari hilo litamsaidia kujua chanzo cha maumivu yako.